Boti Iliyonukia Chapati

Jumanne, saa tisa alasiri, harufu ya chapati ilisambaa juu ya Ziwa Singidani. Haikuwa harufu ya kudhani. Ilikuwa ile yenyewe, ya mafuta ya alizeti yaliyopata moto yakaanza kuita majirani. Wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu ufukweni waliinua vichwa. Mwanamke aliyekuwa akifua juu ya jabali aligeuka kutazama nyuma yake, ingawa alijua fika kwamba nyuma yake hakukuwa na hoteli.

Harufu ilikuwa ikitoka majini.

Katikati ya ziwa, boti ya mbao yenye sakafu bapa ilikuwa ikirudi kutoka ng'ambo, shambani. Isaka alikaa nyuma ameshika mkono wa injini, kifua mbele. Mkewe, Luciana, alikaa katikati kati ya majembe mawili na gunia la kunde, mtoto wao Jesca akiwa mapajani amevaa jaketi okozi lililomfika magotini. Boti nzima iliachia nyuma moshi mweupe, mzito, mtamu.

"Baba Jesca," alisema Luciana, "mbona inanukia hivi?"

"Inanukia vizuri."

"Ndiyo maana nauliza. Injini inatakiwa inuke vibaya."

Injini ilijibu kwa niaba ya Isaka: ilikohoa mara mbili, ikapiga chafya, ikanyamaza. Maji yakawa kimya kiasi kwamba walisikia ndege wakigombania samaki upande wa pili wa ziwa.

Isaka alivuta kamba ya kuwashia. Akavuta tena. Alivuta mpaka shati likatoka ndani ya suruali, na Jesca, aliyekuwa na miaka mitatu na aliyejifunza kuhesabu wiki hiyo hiyo, alifika kumi akaanza upya.

"Umeweka nini?" Luciana aliuliza.

"Petroli."

"Na nini?"

"Na mafuta, kama kawaida."

"Mafuta gani? Oili iliisha Jumamosi, chupa niliitupa mwenyewe."

"Mafuta ni mafuta, mama Jesca."

"Baba Jesca!"

Isaka aliangalia kidole gumba chake. "Haya ya kwetu ya kiwandani. Yamechujwa mara mbili. Hayana hata kolesteroli."

Isaka alikuwa fundi wa mashine ya kukamua alizeti, na kila mwisho wa mwezi alipewa dumu moja la mafuta juu ya mshahara. Aliyapenda mafuta hayo kama mtu anavyopenda timu yake. Alikuwa ameyapaka kwenye bawaba za mlango, kwenye mnyororo wa baiskeli na kwenye goti la mama yake, na kote huko hakuna aliyelalamika.

Luciana alikuwa akitazama jua. Masomo ya jioni yalianza saa kumi na moja kamili, na leo ilikuwa Hisabati.

Kasia lilikuwa moja tu. La pili lilikuwa nyumbani Mandewa, mama mkwe alilichukua kugeuzia alizeti juani na alikataa kulirudisha kwa sababu, alisema, halijawahi kutokea kasia zuri kama lile. Kwa hiyo Luciana alishika kasia lililokuwepo, na Isaka akachukua jembe. Wakaanza safari, mke anapiga kasia kulia, mume anachimba kushoto.

"Isaka!" mvuvi mmoja alipaza sauti walipokaribia. "Hapo unapanda nini?"

"Anapalilia!" alidakia mwenzake.

"Shemeji, zimebaki chapati ngapi? Niwekee mbili, na chai!"

Walifika ufukweni saa kumi na mbili kasoro. Hisabati ilikuwa imekwisha.

*

Jinsi walivyoipata boti ile, mtaa mzima uliijua.

Shamba lao la alizeti lilikuwa ng'ambo ya ziwa. Kwa kuzunguka kwa miguu, ukiwa na mtoto mgongoni, ni saa mbili na nusu kwenda na nyingine kurudi. Kwa boti ni dakika ishirini na tano. Luciana ndiye aliyelileta wazo hilo nyumbani, maana hesabu yake ilikuwa moja tu: akitoka shambani saa kumi, boti ingemfikisha darasani, miguu isingemfikisha. Alikuwa amejiandikisha kwa mtihani wa maarifa, ule wa watu wazima walioacha shule njiani, na mwaka mmoja tayari ulikuwa umempita akiwa barabarani.

Isaka alilikubali haraka kwa sababu zake. Alikuwa ameona kwenye simu boti ya buluu, ya plastiki ngumu, yenye taa za rangi na injini ya nguvu za farasi arobaini. Luciana alimpigia muuzaji akamuuliza maswali matatu. Ikibeba magunia manne inazama kiasi gani, maana ziwa letu ni la kina kifupi? Inakunywa lita ngapi kwenda na kurudi? Ikiharibika, nani Singida hii ataifungua? Swali la kwanza muuzaji alisema, "We dada!" La pili alicheka. La tatu simu ilikatika, na haikupatikana tena.

Ndipo wakaelekezwa Iramba, Ziwa Kitangiri, kwa mzee Manase, mvuvi aliyekuwa anastaafu. Boti yake haikuwa na rangi. Injini yake ilikuwa ya farasi wanane na umri wake ulizidi umri wa ndoa yao. Mzee hakutaja bei. Alimtaka Isaka aoneshe viganja vyake, akavigeuza kama anavyogeuza samaki, kisha akamtazama Luciana.

"Huyu anaitwa Binti," alisema akiigusa injini begani. "Binti siuzi. Namwoza. Nataka maksai wawili waliofundishwa kulima, nipumzike na maji nife mkulima. Lakini ndani ya siku arobaini nitakuja kumwona. Nikikuta mmemtesa, namrudisha kwetu na ng'ombe wenu mnakuja kuchukua."

Wazee wawili walishuhudia. Maksai Diwani na Karani walipanda lori kwenda Kitangiri, Binti akashuka Singida na daftari la shule la kurasa arobaini, ambamo mzee Manase alikuwa ameandika kwa mkono wake kila alichokijua kuhusu injini ile.

Mama yake Isaka, bibi Anastazia, ndiye pekee aliyelia siku ile.

"Ng'ombe anaongezeka," alisema. "Hicho chuma kitazaa nini?"

"Mama, wale walikuwa maksai," Luciana alimkumbusha.

"Hata kama. Walikuwa na nia."

*

Simu ya mzee Manase iliingia Jumanne hiyo hiyo, kabla Isaka hajanawa matope ya ziwa.

"Binti hajambo?"

"Hajambo sana, mzee," alisema Isaka. "Amepumzika."

"Vizuri. Nakuja Ijumaa mchana."

Isaka alikaa juu ya ndoo. Luciana alikuwa tayari amepanda kwenye kitanda, anapapasa juu ya kabati, mahali daftari lilipokaa tangu lilipofika. Alikuta vumbi, kitana, na soksi moja ya Jesca.

"Mama," aliita kwa sauti ya upole, ile ya mkwe anayeogopa jibu, "lile daftari la bluu hujaliona?"

Bibi Anastazia alikuwa uani akikaanga karanga. Kila siku alizifunga kwenye karatasi zilizokunjwa kama pembe, akaziuza kijiweni na kwenye lango la shule.

"Lile lililoandikwa ovyo ovyo?" alisema. "Karatasi yake nzuri. Haipitishi mafuta."

Luciana alishuka kitandani polepole.

"Yamebaki majalada," aliongeza, kwa moyo wa kusaidia. "Nayo ni magumu, nayawekea ya shilingi elfu."

Isaka aliweka kichwa mikononi. "Mama, umeuza kitabu cha dawa na mgonjwa yuko ndani."

"Mimi nimeuza karanga," alisema bibi Anastazia. "Nani alimpa mgonjwa mafuta ya chapati, ni mimi?"

Luciana alimfunga Jesca mgongoni asubuhi ya Jumatano, akatoka kwenda kumtafuta mzee Manase mtaani, ukurasa kwa ukurasa.

*

Ukurasa wa kwanza kupatikana ulikuwa kijiweni, umebandikwa kwa gundi juu ya tenki la pikipiki ya Fredrick, dereva wa bodaboda.

"Shikamoo—" Luciana alianza kwa haraka, kisha akakumbuka kwamba Fredrick ni mdogo kwake. "Habari za kazi? Hiyo karatasi ni yangu."

"Shemeji, hii siitoi." Fredrick aliifunika kwa kiganja. "Hii imeokoa nyumba yangu."

Luciana alisoma katikati ya vidole vyake. *Asubuhi akikataa kuamka usimvute kwa hasira. Mpe dakika kumi. Mguse taratibu, mwambie neno zuri, kisha jaribu mara moja tu, kwa nia.*

"Fredrick, hiyo ni injini."

"Wewe unasema injini. Mimi tangu nianze kuifuata nakuta chai mezani." Alitikisa kichwa. "Nakili, shemeji, lakini karatasi inabaki."

Akanakili.

Kwa Rukaiya, mshonaji, jirani yao wa ukuta mmoja, ukurasa ulipatikana ukiwa umekatwa umbo la kola. Rukaiya aliutumia kama kipimo cha shati la shule. Waliutandaza juu ya cherehani, wakasoma kilichosalia. *Ziwa lenu lina chumvi, si kama letu. Kila akirudi msukutue kwa maji ya bomba, ndoo mbi—* na hapo mkasi ulikuwa umepita.

"Ndoo mbili," alisema Rukaiya. "Mmekuwa mkimsukutua?"

Luciana alihisi masikio yakipata moto. Maji ya bomba yalitoka mtaani mara mbili kwa wiki. Siku nyingine walinunua kwa ndoo. Siku thelathini na nne Binti alikuwa amekunywa chumvi ya Singidani, na hakuna aliyempa hata kikombe cha maji baridi.

"Hata mgeni anapewa maji," alisema Rukaiya, si kwa ubaya.

Ukurasa aliouhitaji hasa, ule wa injini iliyolishwa vibaya, haukuwa kijiweni, haukuwa sokoni, haukuwa kwa muuza mitumba ambaye alisema alikula karanga akatupa karatasi na kama anataka akaulize upepo. Ilipofika saa kumi na moja Luciana aliingia darasani amechoka, Jesca amelala mgongoni. Mwalimu Edward alimwita mbele.

"Jana hukuja."

"Injini iliharibika, mwalimu."

"Wiki iliyopita mtoto, jana injini." Mwalimu Edward hakuwa mkali, alikuwa mtu anayesikitika kwa sauti, jambo ambalo ni baya zaidi. "Ijumaa ni jaribio la mwisho. Asiyefanya, jina lake halitumwi kwenye mtihani. Si mimi, ni utaratibu. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Alipogeuka kwenda kukaa, aliona rundo la madaftari juu ya meza, na juu ya rundo karatasi moja yenye doa la mafuta na mwandiko uliolala upande kama mtu anayetembea kwenye upepo. Pembeni yake, kwa wino mwekundu, iliandikwa: *14/20. Mawazo mazuri. Zingatia alama za vituo.*

"Mwalimu, hii…"

"Aa, hiyo. Niliikuta kwenye karanga za lango. Insha nzuri sana, lakini mwenyewe sijampata. Nimeuliza darasa la kwanza, la pili…" Alimtazama. "Ni yako?"

"Ni ya baba mkwe wa mume wangu," alisema Luciana, na kwa namna fulani ilikuwa kweli.

*

*Akilishwa mafuta yasiyo yake usimwashe tena. Mwaga yote. Fungua plagi, utaikuta imevaa gamba jeusi. Kwangua kwa kisu butu. Fungua kabureta, osha kila tundu kwa petroli safi, tundu dogo kuliko yote lioshwe mara tatu maana ndilo lenye kiburi. Usipoteze springi. Ukiipoteza usinipigie.*

Alhamisi asubuhi Isaka aliomba ruhusa kazini. Ruhusa alipewa, lakini habari ilikuwa imemtangulia. Mlangoni wenzake walikuwa wamemwekea unga wa ngano kilo moja na chumvi.

Walimlaza Binti juu ya khanga kuukuu uani. Luciana alisoma, Isaka alifungua. Kila kilichotoka kilipangwa kwa mpangilio wake, na Jesca aliwekwa ndani ya beseni ili asichukue chochote. Tundu dogo kuliko yote lilikuwa limejaa utando wa rangi ya asali.

"Ningeuliza," alisema Isaka bila kuinua kichwa. "Siku ile. Ningekuuliza tu, ungeniambia."

"Ungeniuliza, ningeangalia daftari."

"Ndiyo. Nami sikutaka uniangalizie." Alipuliza tundu. "Mtu ameshika mashine miaka kumi na mbili, halafu mke wake anamsomea."

Luciana alimpa kitambaa. Isaka alikipokea, akaliosha tundu mara ya tatu.

Ulipofika wakati wa kusukutua, bibi Anastazia alikuja na ndoo mbili za maji kutoka kwenye pipa lake mwenyewe, lile ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

"Nimelea watoto saba," alinung'unika akimimina, "na hakuna niliyemsukutua." Lakini alimimina polepole, mpaka maji yakatoka meupe.

Binti aliwaka kwa mvuto wa tatu. Alinguruma, akatulia, akaendelea. Isaka alimbeba mkewe juu mbele ya mama yake, jambo ambalo halifanyiki, na bibi Anastazia akageukia ukutani kwa heshima.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Bado alinukia chapati.

*

Mzee Manase alifika Ijumaa saa nane, kofia kichwani na fimbo mkononi. Walimwamkia wote, Jesca pia, aliyesema "shikamoo" mara nne kwa usalama. Chakula alikataa.

"Kwanza nimwone."

Ufukweni aliizunguka boti, akagonga mbao, akapitisha kidole chini ya propela. Kisha akainama juu ya injini akavuta pumzi. Alibaki ameinama muda mrefu.

"Kunapikwa wapi?" aliuliza.

"Ni… ni majirani, mzee," alisema Isaka. "Huku wanapenda sana chapati."

Luciana alimtazama mumewe, akatazama jua, akamtazama mzee. Saa tisa ilikuwa inakaribia. Kama boti ingeondoka leo, hata jaribio la jioni lisingemsaidia. Kesho kutwa angekuwa tena kwenye njia ya saa mbili na nusu, mtoto mgongoni, na darasa lingemsahau. Lakini uongo ule ulikuwa hauendi popote. Ulikuwa unanuka.

"Mzee, tulimwekea mafuta ya alizeti," alisema. "Na maji baridi hatukumpa siku thelathini na nne. Na daftari lako limefungiwa karanga. Kurasa nilizozipata ni hizi." Akampa: moja aliyoinakili, moja yenye umbo la kola, moja yenye maksi.

Mzee Manase alisoma maksi kwanza.

"Kumi na nne," alisema taratibu. "Nani huyu?"

"Mwalimu, mzee. Alisema mawazo ni mazuri."

Mzee aliikunja karatasi akaitia mfukoni kwa uangalifu. Kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Tafuteni mkokoteni. Binti anarudi kwetu."

Isaka alishika ukingo wa boti. Luciana alimgeukia mzee.

"Sawa, mzee. Maneno yalikuwa hayo. Na sisi tutakuja kuwachukua Diwani na Karani. Wako salama?"

Mzee Manase alitazama ziwa. Alitazama majabali. Alivua kofia akaikagua ndani.

"Wanakula," alisema.

"Na kulima?"

"Wanakula vizuri."

Bibi Anastazia, aliyekuwa ameketi juu ya jabali akijifanya anachambua karanga, alisogea. "Baba, wanalima hawalimi?"

"Wamesimama," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo peke yake muda mrefu. "Wiki ya tatu hii. Nawafunga jembe, nawaambia, wananitazama. Nimewabembeleza. Nimewapa jina lingine. Mke wangu amewaimbia. Kijiji kizima kinakuja jioni kuangalia nikiongea na ng'ombe. Mvua mbili zimepita, sijachora hata mstari mmoja."

"Unawaambia kwa lugha gani?"

"Kwa Kinyiramba. Kwani ng'ombe anaambiwa kwa lugha gani?"

Bibi Anastazia aliweka karanga chini. Alianza kucheka kimya kimya, mabega tu, kisha akacheka kwa sauti mpaka ikabidi Luciana amshike asidondoke majini.

"Baba wee! Wale nimewafundisha mimi mwenyewe tangu ndama. Kinyaturu tu! Hata Kiswahili hawajui!"

Ilipigwa simu. Mke wa mzee Manase, mama Damari, alikuwa shambani Kitangiri. Aliambiwa awafunge jembe maksai, aweke simu kwenye spika, aisogeze kwenye sikio la Diwani, ndiye wa kulia, ndiye mkaidi.

"La kulia au la kushoto?" sauti iliuliza kutoka mbali.

"Lolote, mama, ana masikio mazuri!"

Bibi Anastazia alisimama, akajifunga khanga upya kiunoni, akaishika simu mbele ya uso wake. Alisema maneno matatu tu, ya Kinyaturu cha shambani, kwa sauti iliyofanya ndege wa ziwani wapae.

Kimya. Kisha kishindo, kisha mnyororo, kisha mama Damari akipiga yowe: "Wameondoka! Baba Damari, wameondoka! Wanasimamaje? Wanasimamaje?"

"Mpe neno la kusimama!" mzee alimsihi bibi Anastazia, mikono yote juu. "Mama, tafadhali, kuna kisima mbele!"

Alilitoa. Walisimama. Mama Damari alisikika akihema, halafu akicheka, halafu akisema kwamba mstari umenyooka kama barabara ya lami.

*

Mzee Manase alikubali kula. Alikula sana, na wakati akinawa alisema, bila kumtazama mtu, kwamba ikiwa bibi Anastazia atakubali kumwandikia maneno yote ya kuwaambia ng'ombe, yeye ataandika daftari jingine.

"Mimi sijui kuandika," alisema bibi Anastazia.

"Nitakuandikia mimi, mama," alisema Luciana. "Wewe utasema."

"Kwa hiyo Binti anabaki?" aliuliza Isaka.

"Sijasema." Mzee alinyoosha fimbo kuelekea ziwani. "Ng'ambo na kurudi. Na wewe kaa mbele. Aendeshe huyu."

Isaka alisogea mbele. Luciana hakuwahi kuishika injini zaidi ya mara mbili. Alimpa Binti dakika ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo, akaigusa taratibu, akasema neno zuri ambalo hakuna aliyelisikia, akavuta mara moja. Binti aliwaka.

Walikwenda wakarudi na moshi mtamu nyuma yao. Mzee Manase alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Wavuvi ufukweni walisimama, mmoja akiwa tayari ameinua kikombe cha chai, lakini alipomwona mwanamke kwenye mkono wa injini na mzee mgeni katikati, alikishusha.

"Harufu itaisha ndani ya miezi miwili," alisema mzee waliposhuka. "Ana kifua kizuri bado. Maji baridi kila siku."

"Kila siku, mzee."

"Basi nenda. Mumeo kaniambia una mtihani."

Saa kumi na nusu. Luciana alianza kukimbia, akarudi kumbusu Jesca, akaanza tena. Bibi Anastazia alimkimbilia akamsukumia pembe ya karanga mkononi.

"Ya zamani hiyo, ilibaki chini ya ndoo. Usifanye mtihani na njaa."

*

Alifika jasho likimtiririka, akakaa dawati la mwisho. Mwalimu Edward aligawa karatasi, kisha akasimama katikati ya darasa na kunusa.

"Nani ameleta chapati?"

Wanafunzi walitazamana. Luciana aliinamisha kichwa, akaanza swali la kwanza. Lile la kwanza alilijua. La pili pia. Alipofika la nne, njaa ilimshika kweli, akaikunjua pembe ya karanga polepole chini ya dawati, punje moja moja. Karatasi ilifunguka. Mwandiko ulikuwa umelala upande, kama mtu anayetembea kwenye upepo, na juu kabisa iliandikwa: *Ukurasa wa Kwanza.*

Hakutakiwa kusoma. Alisoma.

*Wewe uliyemchukua, usiogope kukosea. Mwaka wa kwanza oili iliniishia, nikaona mafuta ni mafuta, nikamwekea ya samaki. Alizimika katikati ya ziwa. Nilipiga kasia hadi jioni. Kijiji kizima kilinisubiri ufukweni na ugali.*

Luciana alibana mdomo kwa mikono miwili, lakini kicheko kilipita kwenye vidole, darasa zima likageuka.

"Luciana," alisema mwalimu Edward kwa huzuni, "swali la nne linachekesha?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi lifanye."

Alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka ndani ya kiatu mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuifungia karanga tena. Halafu akalifanya.